Kuku Aliyeingia Kwenye Somo

Mwaka 2012, nikiwa na miaka arobaini na tano, ndipo shida ilipoingia nyumbani kwangu Ilongero ikakaa kitako. Mvua ilikatika mwezi wa pili, mtama ukakauka ungali mfupi, na mahali ambapo mtama umekauka hakuna mtu anayeshona nguo. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nakaa barazani na cherehani yangu siku tatu, siku nne, bila hata mtu wa kuniletea suruali iliyochanika. Habari za wazazi wangu, na za mume niliyekuwa naye na namna alivyoondoka, sitaziandika hapa. Hazikunijenga wala hazikunibomoa. Nitaandika mwaka huo mmoja tu, kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Mwalimu Jumanne, na pale msibani watu walisema mazuri mengi juu yake ambayo si ya kweli, wakayaacha ya kweli ambayo ni mazuri zaidi.

Shule niliishia darasa la tatu. Kiswahili nilikuwa nakisoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Lakini Kurani nilianza kwa Mwalimu Jumanne nikiwa na miaka saba, kwenye ubao wa mti, nikaimaliza, nikairudia, na hakuna mwanamume wa rika langu hapa Ilongero aliyenishinda kwa usomaji. Wanaobisha wako hai, waje. Nasema hivyo si kwa majivuno, au basi, na yawe majivuno. Mtu ambaye hakupewa kitu ana haki ya kutaja alichokipata mwenyewe. Na hiki nilikipata kwa yule mzee, kwa fimbo kidogo na kwa uvumilivu mwingi.

Mwezi wa tatu nilipeleka kanzu yake niliyokuwa nimeiziba kwapani. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na stoo, na sebuleni palikuwa na kitanda cha kamba, mikeka miwili, na rafu ya misahafu iliyofunikwa kitambaa cheupe. Kabla sijabisha hodi nikawasikia ndani, yeye na mkewe, Bibi Mwamvua. Walikuwa wamerudi kutoka hospitali jana yake.

"Daktari kasema wazi," Bibi Mwamvua alikuwa anasema. "Uvimbe usipotolewa utakuua. Ukitolewa, sauti inaondoka nao. Sasa wewe unataka nini tena?"

"Nataka mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba una nini?"

"Una Amma iliyokwisha kusomwa yote."

"Jumanne, watoto wa watu watapata mwalimu mwingine. Mimi mume mwingine nitamtoa wapi, na meno yenyewe haya matatu?"

Nikamsikia mzee anacheka, halafu kikohozi kikamkata kicheko. Kilipotulia akasema kwa sauti ya juu, "Fundi, ingia. Kivuli chako kiko mlangoni muda mrefu, kimeshachoka kusimama."

Nikaingia, nikampa shikamoo, nikaona aibu. Bibi Mwamvua akanimiminia maziwa ya mgando kwenye bakuli bila kuniuliza kama nataka, akatoka akifuta macho kwa ncha ya kanga. Mwalimu akaniambia mambo yalivyo, kavu kavu, kama anavyosema aya hii ni ya ngapi. Daktari alimpa miezi minne, asizidishe. Katika miezi hiyo alitaka juzuu ya Amma yote, ile ya mwisho ya Kurani, pamoja na herufi za mwanzo, iingizwe kwenye zile memori za simu ambazo vijana waliwekea nyimbo. Huko vijijini, Iramba na hata kwa wafugaji ng'ambo ya ziwa, palikuwa na watoto wengi na walimu hakuna, lakini simu za Kichina zenye spika kubwa zilikuwa zimefika kila mahali. "Mbuzi wenyewe wanazijua nyimbo zote za mjini," alisema. "Sauti yangu naitoa mwenyewe kabla haijatolewa. Wewe utakaa usikilize. Pakikosewa, ni wewe wa kusema."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kusikiliza. Mtu wa tatu alikuwa Rama, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo pale stendi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mnene, mwenye utani mwingi. Alikuwa na kompyuta moja na kinasa sauti kidogo cha kushika mkononi. Alijua kuwasha, kuzima, na kunakili. Kukata kipande katikati ya sauti hakujua, wala mimi sikujua, na hapa Ilongero hakuna aliyejua. Somo likiharibika lilianzwa upya. Ndugu yangu msomaji, shika neno hilo, maana ndilo lililotuponza.

Tulijaribu msikitini, sauti ikarudi kama mtu anasomea kisimani. Tulijaribu sebuleni, mashine ya kusaga ya jirani ikaingia. Mwisho Rama akachungulia ndani ya stoo, ambamo Mwalimu aliweka magunia ya alizeti ya mwaka uliotangulia, yamepangwa hadi juu pande tatu. Akapiga kofi moja humo ndani. Kofi likafa palepale. "Mzee," akasema, "hii ndiyo studio. Hata mjini hawana." Basi tukakaa humo, juu ya mikeka, kila siku baada ya adhuhuri mashine inapozimwa watu wakale, tukinuka alizeti na jasho. Bibi Mwamvua alileta ugali wa mtama, mweusi, na mlenda, na sisi watatu tulikula sahani moja huku Mwalimu akitafuna taratibu kama anayehesabu. Ilikuwa njaa mwaka ule, na sahani ile ilikuwa ndogo, lakini sikumbuki hata siku moja ambayo ilitoka humo bila mtu kumsukumia mwenzake tonge la mwisho. Nimekula kwenye harusi kubwa tangu hapo. Sijala chakula kama kile.

Namna ya somo ilikuwa ile ile ya ubaoni. Kwanza herufi, halafu Fatiha, halafu sura zile fupi za mwisho, tukipanda kurudi nyuma kuelekea mwanzo wa Amma, kama watoto wanavyofundishwa siku zote. Mwalimu anasoma aya, ananyamaza kiasi cha pumzi mbili, mtoto anaifuata ndani ya ule ukimya, kisha aya inayofuata. Mwanzoni mwa kila somo nilisema mimi, kwa Kiswahili: "Atakachosema Mwalimu, nawe sema." Maneno hayo niliyatunga mwenyewe na niliyaona mazuri sana.

Siku ya Suratu Quraysh kuku aliingia. Kuku mwekundu wa Bibi Mwamvua, mwenye kishungi, aliyekuwa anaitamani ile alizeti tangu tufunge mlango. Mwalimu amemaliza aya ya tatu, amenyamaza ili mtoto afuate, na kuku naye akapita chini ya mlango, akaruka juu ya gunia. Mwalimu, bila kufikiri, akapunga mkono na kusema, "Shii! Toka wewe!" Kuku akatoka. Mwalimu akaendelea na aya ya nne, ile inayomtaja Aliyewalisha wakati wa njaa, akaisoma vizuri kuliko siku zote, kisha akaanza kukohoa, akatoka nje kupumzika.

Rama akazima. "Dada, humo kuna kuku," akasema.

Nikamtazama Mwalimu kupitia mlangoni. Alikuwa ameinama, ameshika goti, na Bibi Mwamvua anampigapiga mgongoni. Kumwambia mtu yule arudie, kwa ajili ya kuku? "Iache," nikamwambia Rama. "Kila mtu anamjua kuku. Watoto wataelewa."

"Wewe ndiye mwenye masikio," akasema, akaandika namba ya somo kwenye karatasi. Mwalimu aliporudi na kuuliza kama liko sawa, nilisema liko sawa. Nilisema hivyo, mimi, kwa mdomo huu.

Kufikia mwezi wa tano tulikuwa na masomo ya kutosha kuanza kugawa. Hapo mzee mmoja wa msikitini akaja juu. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu, hakutaka hata kukaa. "Mwalimu, nikuulize. Maneno ya Mungu yako ndani ya simu, simu iko mfukoni, na mwenye mfuko anaingia chooni. Umelifikiria hilo?" Rama alianza kueleza kwamba memori ikiwa haipigi ni kama kichwa cha mtu aliyehifadhi, naye pia huingia chooni na kichwa chake. Mzee akamwambia, "Wewe nyamaza, muuza nyimbo." Mwalimu hakubishana. Akanigeukia. "Fundi, shona."

Nikashona. Kila memori ikatoka na kifuko chake cha kitenge chenye kamba ya kuvaa shingoni, na sharti: msumari upigwe nje ya mlango wa choo, na kifuko chenye simu kibaki pale. Yule mzee alichukua cha kwanza, na ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kukagua misumari. Vitambaa vilikuwa mabaki yangu, hakuna viwili vilivyofanana, na kwa kuwa kuandika kulinichosha niliweka kichwani kitambaa gani kimekwenda kwa nani. Cha maua mekundu, kwa mfugaji wa ng'ambo ya ziwa. Cha samaki wa bluu, Misigiri. Bombani wanawake walinicheka: "Fundi kaishiwa suruali za watu, sasa anazivalisha simu." Niliwajibu kwamba simu angalau haziniambii niwapunguzie kiuno.

Misigiri ndiko mambo yalikopasuka. Mwezi wa sita, siku ishirini kabla ya kwenda hospitali, walituita. Watoto wao walikuwa wamejifunza sura nyingi kwa memori tu, hawajamwona mwalimu kwa macho, na walitaka asikilize mwenyewe. Tulipanda gari aina ya Noah, Mwalimu mbele, mimi na Rama nyuma na masufuria ya watu. Pale msikiti ulikuwa wa tope, umepakwa chokaa mpya kwa ajili yetu, na nje wapishi walikuwa na pilau. Mwalimu alikalishwa kwenye kiti pekee. Watoto kama arobaini wakasimama safu tatu, wamepakwa mafuta, macho yote kwake, maana sauti waliyoijua ilikuwa imepata uso.

Wakasoma Fatiha. Wakasoma An-Nas. Makhraji yao, matamshi ya kila herufi, yalikuwa ya Mwalimu kabisa, hata ile namna yake ya kuvuta mwishoni. Nilijiona nimerefuka. Wakapanda sura kwa sura, wakafika Quraysh, wakamaliza aya ya tatu, na wote arobaini, kwa sauti moja, kwa adabu, kwa mvuto ule ule wa usomaji, wakasema: "Shii! Toka wewe!" Halafu aya ya nne.

Wapishi nje wakaangua kicheko. Ndani hakuna aliyecheka. Wazee wa Misigiri walitazamana, mmoja akasema polepole, "Hiyo nayo imo?" Watoto wakasimama, hawajui wamekosa nini, kwa sababu hawakukosa kitu. Waliambiwa atakachosema Mwalimu nao waseme. Niliwaambia mimi.

Mwalimu alinyanyuka, akawaambia watoto wamesoma vizuri, kosa ni lake, na kwamba maneno yale si ya Kurani, yalikuwa ya kuku. Aliwasomesha ile sura upya, pale pale, mara saba, hadi sauti ikawa kama mchanga. Pilau hakuigusa. Ndani ya gari, tulipokaribia Singida mjini, ndipo nikamwambia. Nikamwambia kwamba Rama alisikia, kwamba mimi ndiye niliyesema iache, na kwamba alipouliza nilimdanganya.

"Ulinionea huruma," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikuweka usikilize, sikukuweka unihurumie."

Hayo tu. Kama angenipiga ningeumia kidogo zaidi ya hapo, au pungufu yake kidogo. Tulipofika alitaka masomo yote yasikilizwe upya, na safari hii nilisikiliza kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Tukayakuta masomo kumi na moja yenye maneno yasiyo ya somo: "haya," "ngoja," "mlango huo," yangu na ya Rama, na lile la kuku, la Mwalimu mwenyewe. Rama akasema yuko mtu mjini anayeweza kukata. Mwalimu akakataa, hakutaka aya zipitiwe na mkasi wa mtu asiyemjua. Zisomwe upya, basi.

Lakini zilibaki siku kumi na tisa, na koo lake lilikuwa linaruhusu somo moja kwa siku, siku nyingine hakuna. Na sura mbili za mwanzo wa Amma, zile ndefu, An-Naba na An-Naziat, bado hazijasomwa kabisa. Ndizo alizoziombea mwezi wa saba. Ndizo zilizomfanya amkatalie mkewe. Sasa ilikuwa ama amalize, ama asafishe. Nilimwomba amalize. Nilimwambia watu wataelezwa kuhusu kuku kwa mdomo.

"Kitu kikipungua," akasema, "atatokea mtu wa kukijaza. Kilichoongezwa kikishaingia kwa watoto, nani atakitoa? Washa, Rama."

Tukawasha. Siku kumi na tano zilikwenda kwenye masomo kumi na moja. Bibi Mwamvua alitaka kumchinja yule kuku atengeneze mchuzi wa koo. Mwalimu akamzuia, akasema kuku hakutamka neno lolote. Akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akanipa mimi. "Mchukue mkosaji mwenzako." Ndiyo siku nilipojua nimesamehewa.

Asubuhi kabla ya kurekodi, na siku ambazo koo lilikataa, nilikuwa nazunguka kukusanya memori, bodaboda panapopitika, miguu pasipopitika, nikivitambua vifuko kwa vitambaa. Msumarini, shingoni, kwenye pembe ya kitanda. Kule kwa mfugaji nilikuta kifuko cha maua mekundu kimefungwa juu ya mlango, na mama wa nyumba akanirudishia kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto. Nilizikusanya zote, Rama akafuta, akaweka mpya. Mwalimu alisema zote.

Siku nne za mwisho alijaribu An-Naba. Alifika aya ya tano, sauti ikakatika, akajaribu tena kesho yake, ikakatika aya ya pili. Siku ya mwisho hakujaribu. Alikaa stooni na sisi, magunia yamepungua, yameuzwa kwa njaa, tukala ugali, tukasukumiana tonge. Akasema kwa mnong'ono, na ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka, "Hizo mbili utasoma wewe."

Alirudi kutoka hospitali akiwa na kitambaa shingoni na bila sauti. Mwezi wa tisa nilisoma An-Naba na An-Naziat ndani ya stoo ile, yeye amekaa mbele yangu na fimbo. Nikikosea, fimbo inagonga chini mara moja, Rama anazima, tunaanza upya. Iligonga sana. Wako wanaume waliokuja kulalamika kwamba memori ina sauti ya mwanamke. Mwalimu akachukua ubao wake wa zamani, akaandika, akawainulia: Nimemfundisha mimi. Wakaondoka. Baada ya hapo walinijia akina mama niwasomeshe wao na watoto wao, na cherehani na usomaji vikanilisha pamoja hadi leo.

Sasa niseme nililoficha. Rama alifuta memori zote isipokuwa moja. Ile ya samaki wa bluu, ya Misigiri, niliiweka kwenye mkebe wa vifungo, wenyewe nikawapelekea nyingine. Mwanzoni nilijiambia ni ya kunikumbusha kosa langu. Uongo. Nilikuwa nimegundua kitu wakati Mwalimu yuko hospitali: kwenye masomo yale mapya kuna sauti yake ya kusoma tu, safi, ya kila mtu. Sauti yake ya kawaida, ya kumwita mkewe, ya kunitania mlangoni, haimo popote. Imo mahali pamoja tu, maneno matatu, anamfukuza kuku.

Miaka ikapita, na Bibi Mwamvua akatangulia. Siku moja Mwalimu alikuja barazani kwangu, akakaa, akaandika kwenye ubao neno moja: Kuku. Nikafikiri anaulizia kuku wangu. Akatikisa kichwa, akaonyesha sikio. Alikuwa anajua. Sijui tangu lini. Nikaenda kwenye mkebe wa vifungo, nikaiweka kwenye simu. Akasikiliza aya ya tatu ameinamisha kichwa, na lilipofika lile neno mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti hadi akashika goti, kama siku ile stooni. Kisha akaandika tena: Mara moja zaidi.

Msibani mwezi uliopita alikuja mwanamke aliyevaa baibui, amefika na bodaboda kutoka njia panda, anafundisha madrasa yake mwenyewe huko Iramba. Akanishika mikono. "Shikamoo, Mama. Mimi ni wa Misigiri. Sisi ni wale wa kuku." Tulicheka mbele ya watu wanaolia, na hatukuona haya.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne ya tofali za kuchoma, bati zima. Nina cherehani mbili, moja ya umeme. Nina eka tatu za alizeti na moja ya mtama. Nina wanafunzi wa Kurani thelathini na wawili, wanawake kumi humo. Nina ubao wa Mwalimu, alioagiza niachiwe. Nina kuku kumi na tisa wa uzao wa yule mwekundu, na sifungi mlango wa stoo. Nina memori moja, ndani ya kifuko cha samaki wa bluu, na nje ya choo changu pana msumari.